Jiko la Mama Aline

Aline aliponipigia simu kutoka Louisville kuniambia kwamba mama yake amefariki, hakulia. Aliniuliza kama bado nafanya kazi ya ukalimani. Nikamwambia ndiyo, niko hapa hapa Columbus, hospitalini siku nyingi, mahakamani siku moja moja. Akaniomba nije niwatafsirie Wamarekani waliofanya kazi na mama yake, kwa kuwa ibada yote ingekuwa kwa Kiswahili na yeye hakujiamini. Yote hayo aliyasema kwa Kiingereza, kama alivyokuwa akimjibu mama yake tangu ana miaka kumi na miwili. Niliendesha gari asubuhi hadi Highview, mtaa wa Louisville walikokuja kuhamia, nikasimama kando ya mchungaji, nikafanya kazi yangu. Baada ya mazishi tukala nyumbani kwao, wali na maharagwe na sombe ya majani ya muhogo, na watu walipoanza kupungua Aline alinivuta jikoni, akafunga mlango kwa mgongo wake. "Mama alikuwa akisema kwamba wewe ulimdanganya mara moja tu katika maisha yake," akaniambia. "Kila nilipomuuliza ni uongo gani, alicheka. Ulikuwa uongo gani?" Nilimtazama mwanamke huyu wa miaka thelathini na ushee, mama wa watoto wawili, nikaona kwamba kweli hajui. Alikuwepo, lakini kilichobaki kichwani mwake ni theluji na mikate ya maji ya jirani yetu wa wakati ule, Bi. Lorraine. Nikavuta kiti, nikamsimulia. Ninayoandika hapa ni yale yale niliyomwambia, pamoja na machache niliyoyakumbuka njiani nikirudi.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa kazi za maabara mjini Buffalo, na nilikuwa nimepanga chumba cha juu katika nyumba ya mbao ya Mama Aline, upande wa East Side. Chumba chenyewe kilikuwa chembamba, dari yake imeinama kwa ajili ya paa, na sakafuni kulikuwa na tundu la mraba lililofunikwa kwa wavu wa chuma wenye maua maua. Nyumba za zamani za kule zina matundu hayo ili joto la chini lipande juu. Siku za kwanza nilidhani ni pambo. Baadaye niligundua kwamba likikosekana joto, hupanda maneno. Sebule ilikuwa chini yangu moja kwa moja, na kila jioni baada ya chakula Mama Aline alimpigia simu mumewe, akaweka simu mezani kwa sauti ya juu ili mikono yake iendelee kuchambua maharagwe. Papa Aline alikuwa Louisville, mtaa wa Newburg, akiishi kwa binamu yake na kufanya kazi katika ghala la mizigo. Alikuwa amekwenda "kuona kwanza", na miezi ilikuwa inapita, na alichokiona kilikuwa kinampendeza.

"Huku niko navaa shati tu," nilimsikia akisema jioni moja ya Septemba. "Kazi iko mingi. Leta mutoto, tuuze ile nyumba."

"Hapa tuko na nyumba yetu, na mutoto iko nasoma."

"Nyumba ya baridi! Umesahau mwaka jana?"

Hakuna aliyesahau. Mwaka uliotangulia dhoruba ilikata umeme siku mbili, tanuri la gesi la kule chini ya nyumba likazimika kwa sababu feni yake haina umeme, na wote watatu, baba, mama na mtoto, walilala kitanda kimoja na makoti yao. Nikasikia maharagwe ya Mama Aline yakidondoka katika bakuli. Kisha akasema, "Bon, basi. Nitaitia moto."

Mumewe alidhani ni maneno tu. Mimi nilijua si maneno. Mama Aline alikuwa akiwahudumia wazee majumbani, na kwa bibi mmoja nje ya mji alikuwa ameliona jiko la chuma lenye mlango wa kioo, linalochoma vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Alirudi akilieleza kama mtu aliyetoka safari. Aliniita jikoni, akachukua punje za mahindi akanionyesha ukubwa wake. "Iko kama chakula ya kuku. Unamwanga pale juu, kisha yenyewe njo inajilisha, kidogo kidogo, mpaka asubuhi. Na moto unauona, Mwende! Ile ya gesi inajificha kule chini, hujui kama iko ao haiko." Alikuwa na swali juu ya kila kitu: nani anawasha, majivu yanakwenda wapi, kwa nini moshi hauingii ndani. Kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa cha kazini tu, cha dawa na chakula na kitanda, maswali hayo yote yalikuwa yanakuja kwangu. Nami niliyapenda. Darasani kulikuwa na watu waliojua kila kitu kabla yangu. Katika meza ya Mama Aline mimi ndiye niliyekuwa na mlango wa habari.

Tulikwenda dukani Jumamosi, tukabadilisha basi mara mbili, Aline akinung'unika njia nzima. Muuzaji alikuwa mzee mnene, mpole, miwani yake imening'inia shingoni kwa uzi. Alipoona jinsi Mama Aline alivyokuwa ameinama kuchungulia, aliwasha jiko moja ili tulione likifanya kazi. Punje zilianguka moja moja katika kikombe kidogo cha chuma, zikakaa hapo zikiwa nyeusi, halafu ghafla zikashika. Mama Aline alipiga kofi moja la furaha. Mzee akaanza kueleza na mimi nikaanza kutafsiri, na nakumbuka raha niliyoipata kutafuta majina. Kisanduku cha juu nikakiita ghala. Kile chuma kilichojisokota kinachosukuma punje nilikihangaikia kwanza, nikasema parafujo, Mama Aline akaingilia kati: "Ah! Kama ile ya mashini ya kusaga nyama." Ndivyo hasa. Hata leo nikikutana na neno gumu hospitalini namkumbuka, kwa sababu alinifundisha kwamba anayetafsiriwa naye ana maneno, na mara nyingi ni mazuri kuliko yangu.

Halafu akauliza swali alilotoka nalo nyumbani. "Muulize hii muzuri. Courant ikikatika, moto itabaki?" Courant, yaani umeme, kama Wakongo wanavyouita. Nikauliza. Mzee akatikisa kichwa. Alisema hapana: ile parafujo inazungushwa na mota, na moshi unatolewa na feni, na vyote viwili vinataka umeme. Umeme ukikatika moto unakufa baada ya dakika chache. Kuna bateri maalumu ya kuunganisha, akasema, lakini inauzwa peke yake, na hapo dukani zilikuwa zimekwisha, labda mwezi ujao. Alisema wazi, polepole, bila kuficha chochote.

Mama Aline alinigeukia akisubiri. Mkono wake ulikuwa juu ya kifuniko cha jiko.

Nikasema, "Anasema kuna bateri ya kazi hiyo."

"Ah, bon," akasema, akatabasamu, akapapasa kile chuma.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Aline pia aliniuliza pale jikoni Highview, na nilimpa majibu matatu, yote ya kweli. La kwanza, chumba changu kilikuwa juu ya sebule na nilikuwa nimeanza kuogopa baridi. La pili, nilisikia kupitia tundu kwamba bila moto nyumba ingeuzwa, na mimi ningetafuta pengine pa kulala. Lakini la tatu ndilo zito zaidi: alikuwa na furaha, nami ndiye niliyemletea furaha hiyo neno kwa neno tangu asubuhi, na sikutaka kuwa mdomo unaoizima. Nilijiambia nitamweleza bateri zikifika. Sikudanganya hata neno moja, ukiyapima moja moja. Bateri ilikuwepo duniani.

Mafundi wawili walikuja Oktoba. Kwanza waliweka vigae sakafuni chini ya dirisha la mbele, wakapima umbali kutoka ukutani kwa kitabu mkononi, kisha wakatoboa ukuta kwa msumeno wa duara ili bomba la moshi litoke nje. Mama Aline alikuwa ameomba ruhusa kazini siku hiyo ili asikose kitu. Tundu lilipokamilika aliwasimamisha mafundi kwa mkono, akapiga magoti, akachungulia. Ng'ambo ya barabara, Bi. Lorraine, mwanamke Mmarekani mweusi aliyeishi mtaani humo tangu utotoni, alikuwa barazani mwake akitutazama. "Ananiona!" akasema Mama Aline, akatoa vidole vyake kwenye tundu akavipunga. Bi. Lorraine alicheka hadi tukamsikia. Wiki iliyofuata akaja mkaguzi wa jiji, akapima tena yale yale, akatikisa bomba, akasema hatasaini mpaka kuwe na king'ora cha gesi ya sumu karibu na vyumba vya kulala, chenye bateri zake. Mama Aline aliona ni kitu cha kupoteza fedha. Nilimsomea ukurasa unaohusu king'ora hicho, tukakifunga ukutani juu ya ngazi.

Sijui jinsi ya kueleza mabadiliko ya nyumba ile baada ya moto wa kwanza. Kabla ya hapo kila mtu alikula na kuondoka. Sasa tulihamisha meza ndogo sebuleni. Bugali ilisongwa jikoni ikaletwa mbele ya kioo, na dagaa, na sombe, na Aline alifanya kazi zake za shule akiwa ameegemea mfuko wa punje. Akina mama wa kanisani walikuja kuona, kila mmoja akamwaga kikombe kimoja cha punje ghalani kama anayelisha mtoto. Joto lilipanda kwenye tundu langu likiwa na harufu ya mbao mbichi. Papa Aline alionyeshwa kwa simu.

"Donc, basi umetoboa nyumba yangu," akasema.

"Nyumba yetu. Na kitobo iko na sahihi ya serikali."

Karibu kila jioni kabla ya chakula nilimsomea kitabu cha maelekezo. Alitaka kujua namna ya kusafisha kikombe, kila baada ya mifuko mingapi majivu yatolewe, mlio upi ni wa kawaida na upi si wa kawaida. Niliruka ukurasa mmoja. Kila nilipoufikia niligeuza karatasi mbili pamoja. Novemba ilipita, bateri zikafika dukani, nikajua kwa sababu nilipiga simu kuuliza, na bado sikusema, maana sasa ningelazimika kusema pia kwa nini nimechelewa.

Dhoruba ilikuja Januari, siku ya Jumanne, ikitokea kwenye ziwa lililo kando ya mji, kama zinavyotokea zote. Shule zilifungwa, kazi zikafungwa. Saa nane mchana nilikuwa sebuleni nao, na taa zikazimika. Feni ya jiko ilinyamaza. Tulikuwa tumeizoea sauti yake kiasi kwamba ukimya uligonga masikio. Moto nyuma ya kioo ukainuka mara moja, ukawa wa njano, ukaanza kushuka.

"Ngoja," Mama Aline akamwambia Aline. "Bateri itaanza."

Alisimama mkono wake umekaa juu ya kifuniko. Tulingoja. Niliona punje za mwisho zikigeuka nyekundu, kisha kijivu. "Labda inachelewa," nikasema. Kati ya yote niliyosema mwaka ule, hayo ndiyo ninayoyaonea haya zaidi. Kisha nikapanda chumbani kwangu kwa kisingizio cha kutafuta soksi, nikakaa kitandani nimejifunga blanketi, nikipanga sentensi za kuungama na kuzivunja.

Sikuona alichofanya. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiko la makaa la kuchomea nyama wakati wa kiangazi. Aliwasha makaa barazani kwenye theluji, yaliposhika akalibeba ndani akaliweka jikoni, akafunga milango yote ya nje ili joto lisipotee. Kwao alikokulia walifanya hivyo, lakini nyumba za kule zinapumua. Hii ilikuwa imezibwa kila ufa. Kupitia tundu langu nilisikia harufu ya mkaa na sikuielewa. Baadaye nikamsikia Aline akisema kwa Kiingereza kwamba kichwa kinamuuma. Kisha king'ora cha ukutani kikaanza kulia, mara nne, kimya, mara nne.

Na kutoka chini nikasikia sauti ya Mama Aline, yenye furaha kabisa: "Ah! Bateri njo inaanza!"

Niliteremka ngazi zile sijui vipi. Alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko la kioo, akingoja liwake. Aline alikuwa amelala kwenye kochi, amefumba macho.

"Mama Aline, tutoke nje."

"Ngoja, iko naanza."

"Haianzi. Hakuna bateri. Haijawahi kuwepo. Ile ni gesi ya sumu, tutoke!"

Aliniangalia kama sekunde moja tu. Kisha akamshika binti yake mkono mmoja, mimi mwingine, tukamtoa mlangoni. Aline alitapika kwenye ngazi za nje. Ng'ambo ya barabara taa zilikuwa zinawaka, maana upande ule ulikuwa na laini nyingine ya umeme, na Bi. Lorraine alikuwa amekwisha kufungua mlango kabla hatujafika. Ndiye aliyewaita zimamoto. Wakaja, wakafungua madirisha yetu yote, wakayatoa makaa nje. Mmoja alimpima Aline kwa kifaa cha kidoleni, akakaa naye, akampima tena, akasema atakuwa sawa. Halafu akamgeukia Mama Aline, akasema maneno, na wote wakanitazama mimi.

"Anasema nusu saa zaidi," nikatafsiri, "wangetukuta tumelala na tusingeamka. Anasema makaa yasiingizwe ndani ya nyumba hata siku moja. Anasema aliyekiweka king'ora kile ametuokoa. Na anauliza kama umeelewa."

"Mwambie nimeelewa."

Bi. Lorraine alimkaangia Aline mikate ya maji, akamfunika kwa mablanketi. Sisi wawili tulibaki mezani kwake, kahawa haijaguswa.

"Ulijua tangu lini?" Mama Aline akaniuliza.

"Tangu dukani."

"Ule muzee alisema nini? Yote."

Nikamwambia yote: mota, feni, dakika chache, bateri inayouzwa peke yake, labda mwezi ujao. Nikamwambia pia kwamba Novemba nilipiga simu. Alisikiliza akitazama dirishani, nyumba yetu ikiwa wazi pande zote na theluji ikiingia.

"Mi niko mutu mukubwa, Mwende," akasema mwishowe. Hakupaza sauti. "Ungeniambia, ningenunua bateri. Ao ningekataa ile jiko. Ao ningeinunua vile vile, nikijua. Lakini ningechagua mi mwenyewe. Weye ulinichagulia."

Nilimaliza masomo yangu ya maabara na nikafanya kazi hiyo miaka miwili, lakini nadhani mambo ya maisha yangu yaligeukia pale mezani kwa Bi. Lorraine. Siku hizi, kabla ya kila kikao, naapa kutafsiri yote bila kupunguza. Wenzangu wanasema kiapo hicho haraka haraka kama nambari ya simu. Nimewatafsiria watu habari mbaya kuliko ya jiko, madaktari wakinikonyeza nilainishe, ndugu wakinivuta koti, na kila mara huuona uso wa mwanamke aliyegeuka kunisubiri nimletee jibu lake.

Hakunifukuza. Umeme ulirudi siku ya pili, jiko likawashwa, na chakula changu niliwekewa kimefunikwa kwa sahani, lakini hakusema nami zaidi ya habari za asubuhi. Nilianza kukunja nguo zangu. Mwisho wa wiki Papa Aline akashuka kutoka basi la Louisville na mfuko mmoja mdogo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona: mtu mfupi, mtulivu, mwenye koti jepesi mno. Nilipanda juu kuwaacha, na kwa mara ya kwanza nikaweka mto juu ya tundu. Hazikupita dakika kumi, Mama Aline akaniita jina langu.

Walikuwa wameketi mbele ya jiko, na kitabu cha maelekezo kilikuwa juu ya kiti kitupu.

"Papa Aline anataka kuuza nyumba," akaniambia. "Mi nimemwambia, kwanza Mwende asome. Kuanzia jalada. Usiruke."

Nilisoma mchana huo wote na mchana wa kesho yake. Nilisoma maonyo, na michoro, na namna ya kukata bomba, na namba za vipuri. Nilisoma ule ukurasa wa umeme, polepole. Papa Aline alinisimamisha mara kwa mara kwa maswali, na niliona kwamba ugonjwa wa maswali ulikuwa wa wote wawili. Alitaka kujua kwa nini moshi hutoka pembeni badala ya kupanda juu, akatoka nje na lile koti lake kwenda kulitazama bomba, akarudi amefurahi. Siku ya pili jioni ikikaribia nikafika kwenye dhamana, ile ahadi ya kiwanda ya kulitengeneza jiko bure likiharibika. Nikaisoma kwanza kwa macho, nikasita. Sikujua ingemsaidia nani. Kisha nikakumbuka kwamba hilo halikuwa juu yangu.

"Dhamana hii ni ya mnunuzi wa kwanza peke yake," nikasoma. "Itadumu miaka mitano, mradi jiko halijaondolewa katika nyumba lilimofungwa mara ya kwanza."

"Rudia," akasema Papa Aline.

Nikarudia.

"Donc, tukienda nayo Louisville?"

"Dhamana inakufa."

"Na tukibaki?"

"Miaka mitano."

Alilitazama jiko muda mrefu, punje zikianguka moja moja. Akamtazama mkewe. Mama Aline alikuwa ameinamia bakuli lake la maharagwe, anachambua kama ambaye hasikii, ila mikono ilikuwa imesimama.

"Mitano," akasema Papa Aline. Akavua koti, akalitundika nyuma ya mlango. "Bon. Tuanze na hiyo."

Mama Aline hakuinua kichwa. Vidole vyake vikarudi kwenye maharagwe.

"Endelea kusoma," akaniambia. "Hujamaliza."